Mnywaji wa Damu ya Beda

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu nilisimama mbele ya wanaume wa ukoo wetu, nikaulizwa swali, nikajibu ukweli, na kwa jibu langu mwanamke akavunjwa mkono. Watu hupenda kusema kwamba mtoto hana hatia. Wanaosema hivyo hawakuwapo Rombo mwaka ule, au walikuwapo na wameamua kusahau. Mimi sijasahau, na sasa nimefikia umri wa kuyasema haya bila kumwomba mtu ruhusa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilikuwa ikiuzwa hadharani, na kahawa, iliyomsomesha baba yangu, ilikuwa imeshuka bei hata wazee wakawa wanaitazama mibuni kwa hasira. Baba aliiacha mibuni yake iote magugu, akaingia kwenye biashara ya Tarakea, yeye na Mama, wakivuka mpaka na kurudi na marobota. Nyumbani tulibaki na Bibi, mama yake Baba, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Beda. Kati yangu na Beda Mama alikuwa amezika watoto wawili chini ya migomba, kwa hiyo Beda alipozaliwa alibebwa kama yai. Nyumba nzima ilijua kwamba Mama hawezi kuzika wa tatu.

Wakati Beda anaachishwa kunyonya, parokiani kwetu kulikuja mradi wa mitamba ya kisasa. Sisi tulipata mmoja. Baada ya kuzaa alikuwa anajaza ndoo, na watu walikuja kumwangalia bandani wakatupongeza. Mama Mkubwa Veronika, mjane wa kaka yake Baba, aliomba naye akanyimwa, kwa sababu hakuwa na mwanamume wa kumjengea banda. Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu, kwenye kihamba kile kile, shamba la migomba la ukoo, ng'ambo ya mfereji. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na migomba, maharage, kuku wanne, na mdomo usiojua kunyamaza, na hilo la mwisho ndilo watu hawakumsamehe.

Beda alipewa maziwa asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Kwetu mtoto anayekunywa maziwa ni mtoto wa watu, na sisi tulikuwa tumeshakuwa watu.

Siku ya kwanza damu ilipotoka, ilinimwagikia mimi. Nilikuwa nimembeba Beda mgongoni na kichwani nina mzigo wa nyasi za ng'ombe. Alikuwa na kikohozi cha wiki nyingi, kikohozi kama cha mtoto yeyote wa milimani, kwa hiyo alipokohoa sikugeuka. Kisha nikahisi kitu cha moto kikiteremka shingoni na kuingia ndani ya gauni la shule. Nilidhani ametapika maziwa. Niliposhika, mkono ulirudi mwekundu, na ule wekundu ulikuwa na povu.

Nilitupa nyasi, nikamtua chini. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni na puani pamoja, na kila akivuta pumzi ilirudi kidogo halafu ikaja nyingine. Alinitazama kama mtu aliyechapwa bila kosa. Mimi nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia usiku naamka: nilimziba mdomo kwa kiganja, nikabana kwa nguvu zangu zote, nikidhani damu inazuiwa kama maji ya mfereji. Alipiga teke. Alining'ata. Kama asingening'ata ningemuua pale pale kwenye nyasi, na ningemuua kwa kumpenda.

Nilipofika naye nyumbani Mama alinipiga kofi kabla hajauliza. Aliamini nimemwangusha. Alinipiga la pili, halafu akaona kwamba damu inatoka ndani ya mtoto na si kwenye jeraha, akaanza kujipiga mwenyewe kichwani kwa ngumi.

Zahanati walisema ni kifua kikuu. Beda alichomwa sindano mwezi baada ya mwezi, akawa akiona koti jeupe anajikojolea, na damu iliendelea kuja. Ilikuja, ikakaa kimya wiki mbili, ikaja tena. Siku nyingine hakuitema, aliimeza, na choo chake kikawa cheusi. Viganja vyake vikawa vyeupe kama unga. Akaanza kubandua udongo wa ukuta wa jiko na kuula kwa kujificha, na kila alipokamatwa alichapwa mikono kwa kijiti. Aliula hivyo hivyo huku akilia. Leo najua kwamba mwili uliopungukiwa na chuma hutamani udongo. Siku zile Bibi alieleza vingine: anayekula udongo ameshaonjeshwa kaburi.

Bibi ndiye aliyetupa maelezo yote, maana zahanati haikuwa na maelezo, na mahali pasipo na maelezo mwenye sauti ndiye mwalimu. Alikuwa ameketi jikoni, mgongo kwenye ukuta, Beda akihema mapajani mwake. Alisema kwa utulivu mkubwa.

"Damu haipotei. Ikitoka mahali imeingia mahali. Huyu ana mtu anayemnywa."

Akatueleza kwamba kuna watu wana jicho la kijicho, na jicho hilo humnywa mtoto kwa mbali, bila kumgusa, hadi anabaki ngozi. Mnywaji hakai mbali sana. Lazima awe amekula naye, amembeba, anamjua jina. Niliamini kila neno. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimefua damu kwenye gauni langu mara nyingi mno kuamini kwamba haina mwenyewe.

Msimu wa mvua Bibi akaanguka akaumia nyonga, Baba na Mama wako Tarakea, mimi niko shule. Beda akapelekwa kwa Mama Mkubwa. Akakaa wiki sita. Nilikuwa nampitia kila jioni nikitoka shule, nikamkuta anakula ndizi zilizopondwa na maharage, au mchicha, au yai akitaga kuku. Wiki ya tatu kikohozi kilipungua. Wiki ya tano alikuwa anakimbiza wale kuku wanne hadi chini ya shamba, na midomo yake ilikuwa na rangi. Udongo aliuacha mwenyewe.

Mama aliporudi kumchukua, Mama Mkubwa alimwambia jambo moja, nami nilikuwapo, nimeshika furushi la nguo za Beda.

"Mke mwenzangu, huyu mtoto na maziwa ya ng'ombe wenu hawapatani. Mwachisheni muone."

Mama alilifikisha neno lile kwa Bibi, na Bibi alicheka hadi akashika nyonga yake inayouma. Mtu gani anakuambia umnyime mtoto maziwa? Adui akija kwako na kiu unampa maziwa. Ikawa wazi kwa kila mtu kwamba mjane anaumwa na wivu wa ng'ombe aliyenyimwa. Beda akakaribishwa nyumbani kwa maziwa ya ndoo, na maziwa ya unga ya kopo ambayo Baba alikuwa ameyavusha mpakani kwa ajili yake tu, na Bibi akaagiza achinjiwe mbuzi, damu ichanganywe na maziwa ya moto, anywe aongeze damu. Nilimshika miguu alipokuwa ananyweshwa. Siku ya kumi akakohoa damu hadi shuka likawa zito. Mama akampeleka tena kwa Mama Mkubwa, maana biashara haisubiri, akapona tena; akamrudisha, akaugua tena.

Ndipo ukoo ukaitwa. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwetu, wanaume kama kumi kwenye mabenchi na pombe ya mbege mbele yao. Aliyeongoza ni Baba Mdogo Sabasi, mdogo wake Baba, mtu mwenye mabega mapana na moyo ulio karibu sana na mikono. Alimpenda Beda kuliko alivyowapenda wanawe. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu upendo wa namna ile nimeuogopa tangu siku hiyo.

Aliniita katikati. Nilikuwa nimevaa viatu vya misa.

"Beda akiwa kwa mama yako mkubwa, anakohoa damu?"

"Hapana, Baba Mdogo. Kule hakohoi."

"Na akirudi hapa?"

"Anakohoa."

Nilijibu kwa sauti ya darasani, nimenyooka, nikifurahi kwamba nimeulizwa na najua. Hakuna aliyeniuliza kule anakula nini. Wanaume walitazamana, na Bibi, kutoka kwenye kigoda chake mlangoni, akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kwao ilikuwa imekwisha. Mwenye kamba ndiye anayejua kuilegeza: mtoto akiwa kwake anamwacha anenepe, akiondolewa anavuta. Baba aliinamisha kichwa. Alimjua Veronika tangu alipoolewa na kaka yake, na aliinamisha kichwa.

Akaitwa. Alikuja na mikono ina udongo wa shambani, akawaamkia wazee, akaambiwa aketi chini. Kwetu mate ni baraka. Mtu anayeshukiwa jicho huombwa achukue maziwa mdomoni na kumtemea mtoto kifuani, aseme kwamba kama ni yeye basi amwache, na yanayobaki kwenye kibuyu hunywewa na mtoto yote ili baraka isimwagike. Mama akamleta Beda kifua wazi. Mbavu zake zilihesabika.

Mama Mkubwa akasema yuko tayari kumtemea mate yake makavu mara mia, lakini maziwa wasimpe mtoto. Mtu aliyekataa maziwa ya baraka amejihukumu mwenyewe, hilo hata mimi nililijua. Baba Mdogo alimshika nyuma ya shingo, akamgandamiza kibuyu mdomoni hadi kikagonga meno, maziwa yakamwagika kwenye kitenge chake, na midomo yake ikachanika. Alipotema, yalitoka maziwa na damu pamoja. Akamtemea Beda. Akasema maneno yote, neno kwa neno, huku analia.

Beda hakutaka yaliyobaki. Aliukaza mdomo. Mama alimbana pua hadi akafungua, na aliyeshika kitako cha kibuyu na kukiinua ni mimi.

Asubuhi yake ilikuwa mbaya kuliko zote. Sitaieleza yote. Beseni la kufulia halikutosha. Alilegea mikononi mwa Mama akiwa macho, macho yakabaki wazi bila kututazama, na Mama akatoa sauti ambayo niliwahi kuisikia mara mbili kabla, siku zile za kuzika. Baba Mdogo alikuwa amelala kwetu. Alitazama beseni, akachukua panga lake pembeni mwa mlango, akashuka. Wenzake watatu wakamfuata kutoka nyumba za jirani.

Hawakuanza na yeye. Walianza na migomba. Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua maana yake. Mgomba unakatwa na mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu yake; kukata shamba zima la mtu ni kumwambia hakuna wa kwake atakayekula hapa tena. Walikata ile yenye mikungu na ile michanga. Ilianguka na kelele ya maji, utomvu ukawarukia nguoni. Mama Mkubwa alitoka akiwa ameshika jembe, sijui kama alitaka kupigana au alikuwa anakwenda kulima tu. Walimnyang'anya. Wa kwanza alimpiga fimbo za mgongo, wa pili akampiga teke alipoanguka kwenye majani, na Baba Mdogo aligeuza lile jembe akampiga kwa mpini. Alikinga kichwa kwa mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa. Nilikuwa upande wa juu wa mfereji, hatua kama ishirini, na nilisikia.

Baba alikuwa amesimama karibu yangu, amembeba Beda ndani ya blanketi, akisubiri gari la mzigo lije kumpeleka Moshi. Hakumpiga mtu. Kwa miaka mingi alilitaja hilo kama sifa.

Ndipo Mama Mkubwa akaniona. Damu ilikuwa imemwingia jicho moja, akanitazama kwa lile jingine.

"Prisca, waambie. Waambie anakula nini kwangu."

Baba Mdogo akageuka akanitazama na mpini mkononi. Nilijua jibu. Nilikuwa nimemwona Beda akila ndizi na maharage jioni zaidi ya arobaini, nilijua pale hapakuwa na ng'ombe, nilikuwa nimelisikia onyo kwa masikio yangu. Lilikuwa jibu la maneno machache. Nilitazama viatu vyangu. Mpini ukashuka tena, begani safari hii, na nikakimbia kuingia nyumbani.

Moshi nilichukuliwa ili nikae na Beda wakati Mama anatafuta chakula. Hospitali walisema mtoto hana damu ya kumfikisha jioni, na wakahitaji ya ndugu. Watu wetu waliogopa sana kutolewa damu enzi zile. Baba alipimwa, haikulingana. Baba Mdogo alikuwa amepanda nyuma ya gari lile lile. Alipimwa, ikalingana, akalala kitandani, akatoa. Shati lake lilikuwa na madoa kifuani. Muuguzi akamwonea huruma, akamwambia pole, naona mtoto amekutapikia sana. Beda hakuwa amemgusa siku ile. Ilikuwa damu ya Mama Mkubwa, na iling'ang'ania kifuani pake wakati yake inaingia kwa mtoto.

Daktari wa wodi ile alikuwa mama wa Kipare, mfupi, mwenye tabia ya kuuliza jambo moja mara tatu kwa watu watatu. Picha ya kifua ilikuwa na mawingu. Makohozi hayakuwa na kifua kikuu, mara ya kwanza wala ya tatu. Alfajiri moja walimpitisha Beda mpira puani hadi tumboni, wakavuta kile alichokuwa amekimeza usiku, wakakitazama kwa hadubini. Siku ile ile alikuja akaketi kwenye kitanda, Mama alikuwa ametoka, akaniuliza mimi. Mdogo wako huwa mzima wapi?

Ilinichukua muda. Nilitazama mlango kwanza. Halafu nikasema kwamba kwa Mama Mkubwa hakohoi, kule hakuna ng'ombe, kule anakula ndizi na maharage, na Mama Mkubwa alisema ni maziwa, na wamempiga. Yalinitoka yote kwa mkupuo na nikaanza kulia. Daktari aliacha kuandika.

Aliwaita Baba na Mama na Baba Mdogo, akawaeleza kwa maneno tuliyoyaweza. Alisema kuna ugonjwa adimu ambao mishipa midogo sana ya mapafu ya mtoto huvuja damu ndani kwa ndani. Nyingine hutoka kwa kikohozi, nyingine humezwa, na nyingi hubaki mle mle kwenye mapafu. Chuma cha ile damu hukwama pale. Ndicho walichokiona kwenye hadubini, chembe za kahawia zilizojaa chuma. Ndiyo maana mtoto anakauka damu huku ameibeba kifuani.

"Mapafu yake yameingia kutu," alisema. "Hakuna mtu anayemnywa. Damu yake imeingia kwake mwenyewe."

Kwa watoto wengi, akasema, chanzo hakijulikani, wala yeye hajui. Kwa wachache, wadogo kama Beda, mwili unapigana na maziwa ya ng'ombe kama sumu, na mapafu ndiyo yanayoumia. Hana kipimo cha kumwonyesha hilo kwa uhakika. Kipimo ni kuyaondoa kabisa, pamoja na ya kopo, na kusubiri. Akampa na vidonge vilivyomfanya avimbe mashavu na kulia njaa mchana kutwa. Mama alimuuliza mara tatu kama hata chai ya maziwa. Hata chai ya maziwa. Baba Mdogo alitoka wodini, na tulimkuta jioni amekaa kwenye ngazi za nje, amevua lile shati, amelikunja mapajani.

Beda alisimama. Mwezi ukapita bila damu, ukapita mwingine, hadi tukaacha kuihesabu. Bibi alipoambiwa alibisha wiki nzima, akasema madaktari wa siku hizi wanasema chochote, kisha hakusema tena kuhusu jicho la mtu yeyote hadi alipokufa. Nami nilimhurumia kwa jambo moja. Alisema damu ikitoka mahali imeingia mahali, na ilikuwa hivyo hasa. Alikosea mahali tu.

Mama Mkubwa alikuwa ameshuka Kahe, kwa mtoto wa dada yake aliyeolewa huko tambarare. Baba alikwenda na isale. Kwetu jani la isale likiletwa na aliyekukosea halikataliwi, hata kama amemwaga damu. Ukilikataa laana inakugeukia wewe. Baba Mdogo alilitia fundo kwa mkono wake lakini hakuwa na uso wa kulipeleka. Nilikwenda mimi na Baba. Kulikuwa na joto ambalo sikuwahi kulijua, na tulimkuta anapepeta mpunga kwa mkono mmoja, ungo ameuegemeza kwenye goti. Ule wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya, umepinda chini ya kiwiko, na vidole havikufunga.

Baba alipiga goti. Akasema aliyokuja kusema. Akaahidi migomba mipya, banda, hata mtamba. Mama Mkubwa alilipokea jani kwa mkono mzima, akaliweka juu ya ungo, juu ya mpunga.

"Isale nimelipokea, shemeji. Mkono haujapokea. Nitakaa huku."

Kisha akauliza Beda anakula nini. Nikamjibu, ndizi na maharage, na mayai. Akatikisa kichwa kukubali. Tulipokuwa tunaaga akanishika bega.

"Siku ile ulinisikia nilipokuita?"

"Nilisikia, Mama Mkubwa."

"Basi," akasema, akarudi kwenye mpunga wake.

Aliishi Kahe miaka mingi baada ya hapo, akafa huko. Ukoo ulituma gari kumchukua, maana mke aliyeolewa kwetu huzikwa kihambani kwa mumewe, na akizikwa kwingine kila anayepita anajua kuna jambo. Alikuwa ameacha neno kwa mtoto wa dada yake: azikwe palepale. Gari lilirudi tupu. Wazee waliona aibu, na nafikiri ndivyo alivyotaka.

Beda alikuja mazishini kutoka Holili, ambako anapitisha malori ya watu mpakani. Ni mtu mzima mnene, anakunywa chai ya rangi, anajua tu kwamba maziwa ya ng'ombe hayampendi. Nyumbani aliambiwa siku zote kwamba Mama Mkubwa alishuka tambarare kwa sababu baridi ya mlimani ilimsumbua mifupa. Watu walipokuwa wanatawanyika nilimwambia yote, pale pale, udongo ukiwa bado mbichi. Alisikiliza akiwa ametazama chini. Alipozungumza aliuliza jambo moja tu, kama kulikuwa na mtu siku ile aliyejua kwamba ni maziwa. Nikamwambia yupo, ni mimi. Hakunigombeza. Alikwenda akasimama upande wa pili wa kaburi, na tukabaki hivyo hadi gari la kuturudisha likapiga honi.

Nimelipima jambo hili miaka yote. Lile jibu la uani, mbele ya mabenchi, nimeshajisamehe. Nilikuwa mtoto, niliulizwa, na lilikuwa kweli. La kwenye mfereji sijaweza. Pale siwezi kusema sikujua. Nilijua jibu, na nilijua kwamba nikilitoa ule mpini unaweza kunigeukia mimi, na katika muda mfupi ule nilichagua ushuke tena begani kwake, usiguse mgongo wangu.